GARI LA BREKI MBILI

"Weka kalamu chini kabla sijaivunja!"

Hiyo, wasomaji wangu, ndiyo sauti tuliyoiacha juma lililopita ikipasua ukumbi wa mapokezi wa kampuni ya magari. Wapo mliobisha kwamba ni polisi. Poleni. Polisi hana sauti kama ile.

Kalamu ya Mwalimu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Ilibaki kuvutwa tu. Mshauri wa huduma, kijana wa tai nyekundu ambaye wenzake humwita Bwana Marashi kwa sababu harufu yake hufika kazini kabla yake, alishtuka hadi akamwagia chai kibodi.

Mwalimu aligeuka.

Mlangoni, mikono kiunoni, mtandio umeteleza hadi begani, alikuwa amesimama Shangazi.

Ndiyo, Shangazi! Dada wa marehemu baba yake, dalali wa mnada aliyestaafu majuzi tu, mwanamke aliyeuza makochi, mafriji, matrekta na kengele za shule kwa sauti yake peke yake, bila kipaza sauti. Watu husema siku moja alimvua mteja koti, akalipiga mnada, na mteja yuleyule akalinunua na kushukuru.

"Shangazi! Umejuaje niko hapa?"

"Mwanafunzi wako kaja kwangu analia makamasi. Anasema Mwalimu anakwenda kuuza gari." Shangazi alivuka ukumbi kwa hatua ndefu. "Unauza gari, na mimi dalali niko hai? Tena bila mnada? Baba yako angefufuka akakuchapa!"

Sasa, kwa yule aliyekuwa safarini juma lililopita: Mwalimu hufundisha watu kuendesha. Shule yake ni yeye na kigari kimoja cheupe, basi. Kigari kikaanza kulia *kwi-kwi-kwi* kila kinapokata kona. Akakipeleka kwa kampuni iliyokiuza, wakakichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta ikatapika makadirio marefu kama mkia wa tiara. Jumla yake ingenunua kigari kingine kama kile na kukijaza mafuta. Kesho asubuhi wanafunzi wake wana mtihani, na mtihani bila gari ni sawa na kuoga bila maji. Ndipo Bwana Marashi, kwa sauti laini kama ya mtu anayetoa rambirambi, akamshauri aiachie kampuni gari lilivyo, apewe chochote cha kumfikisha nyumbani.

Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa inangoja sahihi.

"Karibu uketi, mama," alisema Bwana Marashi, akipangusa chai kwa tai yake.

"Sikuja kuketi. Makadirio yako wapi?"

Akapewa. Akayasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kama anayetafuta mlango wa kutokea.

"Hii ndiyo bei ya mwisho?"

"Mama, hapa hatupatani. Bei inatoka kwenye kompyuta."

"Kompyuta ina mama?"

"La, mama."

"Ndiyo maana haina huruma." Shangazi alikunja karatasi mara mbili, akamrudishia. "Haya. Nionyeshe mgonjwa."

"Wateja hawaruhusiwi karakana. Ni mambo ya usalama."

"Kijana, nikuulize. Daktari akikwambia mgonjwa wako mahututi, halafu akakuzuia kumwona, huyo ana maiti au ana uongo. Wewe una kipi?"

Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa watu walioinamia simu zao. Wote waliinua vichwa kwa pamoja. Mzee mmoja alipiga kofi moja, akajizuia.

Bwana Marashi alitazama dari. Dari halikumsaidia.

"Dakika chache tu," alisema. "Na msiguse kitu."

*

Karakana ilikuwa safi kuliko jiko la Mwalimu. Katikati, mkia wake ukielekea ukutani, kilisimama kigari cheupe. Bampa la mbele lilikuwa limevuliwa na kulazwa kando pamoja na namba yake. Viti vimefunikwa nailoni. Boneti i wazi, kama mgonjwa kwa daktari wa meno.

Kando yake alisimama Fundi Mkuu. Huyu alikuwa mrefu sana, mwenye mikono mikubwa na haya nyingi. Alipomwona Mwalimu alijikunja kidogo, akaifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaifuta tena ingawa haikuwa na kitu.

"Tuonyeshe ugonjwa," Shangazi aliamuru.

Na Fundi Mkuu akauonyesha, mmoja baada ya mwingine, bila kuficha. Pampu ya maji ilikuwa inavuja kweli. Oili ilikuwa imelowesha chini ya injini kweli. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekwisha kweli. Shangazi alipeleka kidole, kikarudi cheusi.

Akakitazama, akakifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu," alisema mwishowe kwa sauti ndogo, "hili limechoka."

Mwalimu aligusa mlango wa kigari. Kwa hiyo ni kweli. Kigari alichoachiwa na baba yake, kilichomlisha, kilichofundisha nusu ya mtaa, ndiyo mwisho wake huu.

"Naomba nikae ndani mara moja tu," alisema. "Nikiage."

Fundi Mkuu alimfungulia mlango wa abiria, maana mwalimu wa udereva hukaa upande wa abiria. Mwalimu alikaa. Akafumba macho. Akamkumbuka yule muuza maua aliyekuwa akisema "samahani" kwa kila taa ya barabarani. Akamkumbuka yule mhunzi aliyeshika usukani kana kwamba unataka kumtoroka. Wote hao aliwaokoa kwa mguu wake huu wa kulia, uliokaa siku zote juu ya breki ya pili, breki ya mwalimu.

Mguu, kwa mazoea, ulinyooka kuitafuta.

Ukakuta zulia.

Mwalimu alifumbua jicho moja. Akanyoosha mguu tena, huku na huku, kama anayetafuta kandambili chini ya kitanda.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Breki yangu haipo."

"Ndiyo, nimeona, wameandika hata breki…"

"Siyo hizo, Shangazi! Yangu! Ya kwangu mwenyewe! Ya mguuni!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mwalimu aliinama hadi kichwa kikapotea chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje ikipiga hewa. Hakuna pedali. Hakuna mkono wa pedali. Hakuna hata tundu la skrubu.

"HILI SI GARI LANGU!"

Alitoka kinyumenyume, nywele zimesimama, uso unawaka. Akamrukia Shangazi. Shangazi akamdaka. Wakazunguka pamoja katikati ya karakana ile safi, wakipiga teke ndoo, wakipiga teke jeki, nailoni ya kiti ikiwa imemganda Mwalimu mgongoni na kumfuata kama shela.

"Si langu! Pampu si yangu! Oili si yangu! Shokapu si zangu!"

"Kwa hiyo," Shangazi alisema, akihema na kumgeukia Bwana Marashi, "mlitaka mtoto wa kaka yangu awauzie gari la watu?"

Bwana Marashi alirudi nyuma hatua moja. Hata marashi yake yalikuwa yamekatika.

Lakini furaha nayo ina kona zake. Mwalimu alisimama ghafla.

"Na langu liko wapi?"

Wote walimtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu alitazama viatu vyake.

"Yalikuja mawili asubuhi moja," alisema. "Meupe yote. Nilimwambia muosha magari ayasogeze. Labda funguo zilipishana."

"Kwa nini hukuyasogeza mwenyewe?"

Alisogea karibu na Mwalimu, akainama, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mwalimu, mimi siendeshi."

"Siku hizi huendeshi?"

"Sijawahi kuruhusiwa. Sina leseni."

"Wewe? Fundi *Mkuu*?"

"Daktari wa uzazi naye huzaa?"

Shangazi alicheka hadi akashikilia rundo la matairi. "Huyu nimempenda! Huyu tusimwache!"

Hapo Bwana Marashi alijipiga paji la uso.

"Mungu wangu. Yule mteja!"

"Mteja gani?"

"Kuna mzee ananipigia simu tangu asubuhi. Nikadhani ana wazimu, nikawa namkatia." Alimeza mate. "Anasema gari lake limeota breki."

*

Wote wanne walimkuta mzee yule uani kwake, taulo limezungushwa shingoni, akitembea huku na huku mbele ya kigari cheupe. Huyu ni Baba Pacha, mtu mnene kiasi, mwenye uso wa mtu aliyeadhibiwa bila kosa. Bwana Marashi alikuwa bado hajazima pikapu ya kampuni, na mzee yule tayari yuko dirishani.

"Nyinyi ndio wenyewe? Mungu awabariki! Lichukueni! Na kama hashuki, mchukueni naye!"

"Nani hashuki?" Mwalimu aliuliza.

Baba Pacha alionyesha kwa kidevu.

Ndani ya kigari, kwenye kiti cha abiria, mkanda umefungwa, mkoba mapajani, alikaa mama mmoja mnadhifu akitafuna karanga. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya breki ya mwalimu, umetulia pale kama kuku aliyeatamia.

"Sishuki," alisema Mama Pacha kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu kwa upole, kwani amezoea watu wanaogoma ndani ya gari. "Hili ni gari langu."

"Marahaba. Umeolewa, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Basi huwezi kuelewa." Aliweka karanga kando. "Tangu niolewe na mwanaume huyu nakanyaga breki hewani. Nimekanyaga zulia la gari mpaka likatoboka. Nikimwambia punguza, anaongeza. Nikimwambia kuna tuta, anasema ameliona, mara tunaruka. Watoto wetu pacha walizaliwa kabla ya tarehe kwa ajili ya tuta! Sasa leo asubuhi, tunatoka kwenye kampuni, nikakanyaga kama kawaida yangu…"

Alishusha sauti.

"Gari likasimama."

"Katikati ya mzunguko!" alilia Baba Pacha. "Lori nyuma yangu!"

"Likasimama," Mama Pacha alirudia, machozi yakimlengalenga. "Nikakanyaga tena. Likasimama tena. Mwanangu, sijawahi kusikilizwa hivyo."

Shangazi alikuwa amejificha nyuma ya Fundi Mkuu, mabega yakimcheza.

"Lakini baba," Mwalimu alimgeukia Baba Pacha, "hukuona namba ya gari si yako?"

"Binti, gari langu nalijua kwa rangi. Niliona kipande cha chuma pale chini, nikadhani kampuni imenipa zawadi." Alishika shingo. "Zawadi gani hii? Kila baada ya nyumba mbili paji langu liko kwenye usukani. Na juu ya hayo linalia! Kila kona, *kwi-kwi-kwi*."

*Kwi-kwi-kwi!* Mwalimu aligeukia gari lake. Ugonjwa wake mwenyewe! Katika shangwe zote zile alisahau kwamba hata gari lake nalo lilikuwa mgonjwa. Je, kama na lenyewe limekwisha?

Alimtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu hakungoja kuombwa. Alipiga magoti kwenye vumbi la ua, akalala ubavu kando ya gurudumu la mbele, akapenyeza bisibisi, akakwaruza. Mwalimu alikaza ngumi. Shangazi akaanza kusali kwa sauti, na sala ya Shangazi husikika mtaa wa pili.

Kitu kilidondoka. *Ti!*

Fundi Mkuu aliinuka, akafungua kiganja.

"Kijiwe," alisema. "Kilijibana kati ya diski ya breki na bati lake. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakwaruza."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ugonjwa mwingine ni upi?"

"Hakuna mwingine, Mwalimu. Gari ni zima."

Mwalimu aliketi chini palepale, sketi yake ya kazini na yote. Alicheka mpaka sauti ikakataa kutoka, alicheka kwa mabega, akajifuta macho, akamwona Fundi Mkuu bado ameshika kijiwe mkononi bila kujua akifanye nini, akaanza upya.

"Nimefurahi sana kwa ajili yenu," alisema Baba Pacha. "Sasa jamani, na langu liko tayari?"

Wote walimtazama Bwana Marashi. Hata Mama Pacha aliacha kutafuna.

Bwana Marashi alitia mkono kwenye mfuko wa koti, taratibu, kama mtu anayetoa nyoka. Akamkabidhi mzee makadirio yaliyokunjwa mara mbili.

Baba Pacha aliyafungua. Akayasogeza mbali. Akayasogeza karibu. Taulo lilimdondoka shingoni.

"Hii ni bei," aliuliza, "au ni namba ya simu?"

Hakungoja jibu. Alizunguka gari la Mwalimu kwa kasi ambayo umbo lake halikuahidi, akaingia upande wa dereva, akafunga mlango, akabonyeza kitasa.

"Baba Pacha!" mkewe alishangaa.

"Na mimi sishuki."

Lo! Dakika moja iliyopita mmoja anagoma na mwingine anamfukuza. Sasa wote wawili wamejifungia ndani ya gari la watu, mume kashika usukani, mke kakanyaga breki, wakitazama mbele kama wanaokwenda mahali. Na kesho asubuhi wanafunzi wa Mwalimu wana mtihani!

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mzee wangu!" Shangazi aligonga kioo. "Fungua tuzungumze kibiashara. Nikiyapunguza makadirio hayo hadi yakutoshe, utanipa udalali wangu?"

Kioo kilishuka kidogo. "Ukiyapunguza kweli?"

"Nimeuza kengele bila ulimi, mimi."

"Na mke wangu je?"

Mwalimu aliinama dirishani. Alikuwa bado na kicheko kooni, na kicheko humpa mtu maarifa. "Mama, breki ya abiria si chochote. Nikikufundisha kuendesha, utakuwa na breki, na mafuta, na usukani. Vyote. Na baba atakaa hapo ulipo wewe, akanyage zulia."

Mama Pacha alilifikiria jambo hilo. Uso wake ulipambazuka kidogo kidogo.

"Lini tunaanza?"

*

Walirudi kwenye kampuni kwa gari la breki mbili, maana Baba Pacha alikataa kuachia usukani kabla ya kuona udalali kwa macho yake. Mume mbele, mke kando yake. Nyuma Shangazi, Mwalimu na Fundi Mkuu, wamebanana, magoti ya Fundi Mkuu yakikaribia masikio. Bwana Marashi alifuata na pikapu, kwa mbali, kama asiyewajua.

Safari ile sijui niielezeje. Baba Pacha akikanyaga mafuta, Mama Pacha akakanyaga breki. Gari likawa linakwenda likiinama na kuinuka kama njiwa dume anayetongoza. Watu wa kandokando ya barabara walipunga mikono wakidhani ni maharusi.

Kila walipoinama, Fundi Mkuu aliomba radhi. Alikuwa anamwangukia Mwalimu.

"Mwalimu," alinong'ona gari lilipoinama tena, "unafundisha hata watu wazima?"

"Hasa watu wazima."

"Hata waliofeli?"

"Umefeli mara ngapi?"

"Mtahini siku hizi ananiita shemeji."

Mwalimu aligeukia dirisha haraka, lakini kioo kikamwonyesha uso wake mwenyewe, unacheka.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa bado umejaa. Shangazi hakuomba ruhusa. Alivuta kiti cha wageni hadi katikati, akapanda, akafunga mtandio kiunoni, akainua makadirio juu.

"MABIBI NA MABWANA!"

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Simu ziliwekwa mifukoni.

"Leo hatuuzi. Leo tunatoa! Mzee huyu ameletewa makadirio, na sisi tutayapiga mnada wa kurudi nyuma! Fundi Mkuu, simama hapa nikuone. Nitauliza jambo moja tu: kitu hiki kikiachwa, gari litakwenda au halitakwenda? Tuanze! Pampu ya maji!"

"Ikiachwa," alisema Fundi Mkuu, akikunja na kukunjua kitambaa chake, "injini itachemka kabla hajafika kona ya pili."

"Pampu inabaki! Lipa, mzee, hiyo ni haki yao. Oili?"

"Sili ya mpira inayoizuia imepasuka. Lazima."

"Inabaki! Shokapu za nyuma?"

"Zimechoka. Lakini zinaweza kungoja miezi kadhaa, akipunguza mwendo kwenye matuta."

"Atapunguza!" alisema Mama Pacha.

"Zinangoja! Mara ya kwanza, mara ya pili, zimetoka!" Shangazi alipiga kiganja kwa ngumi. "Kichujio cha hewa chenye manukato?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Bwana Marashi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Mtu mmoja akaanza kucheka, likawa wimbi.

"Manukato tunayo ya bure. Kimetoka! Kuosha injini kwa dawa maalumu?"

Fundi Mkuu alikohoa. "Hiyo… huwa inaongezwa na kompyuta."

"Kompyuta ikaoge yenyewe! Imetoka!"

Makofi! Baba Pacha alikuwa anahesabu kwa vidole huku midomo ikimcheza, na kila kitu kilipotoka shingo yake ilizidi kunyooka. Na kumbe mambo ndiyo yanaanza, kwa sababu yule mzee wa kofi moja alisimama, akachomoa karatasi yake mfukoni.

"Mama! Na yangu!"

"Na mimi hapa! Wameniandikia mlango, mimi nilileta taa!"

"Mama, mimi nilikuja kujaza upepo tu!"

Karatasi zikawa zinapepea juu kama vitambaa uwanjani. Mwalimu aliona foleni ikijipanga yenyewe, watu wakishikana mabega, wakicheka na watu wasiowajua. Muosha magari alijongea. Walinzi walijongea. Mama Pacha akaanza kugawa karanga.

Bwana Marashi alipenya hadi chini ya kiti cha Shangazi, tai imekaa kisogoni.

"Mama, nakuomba. Utanifukuzisha kazi. Bei sipangi mimi. Mimi mwenyewe nakuja kazini kwa miguu!"

"Huna gari?"

"Ninalo. Liko hapahapa nyuma. Tangu mwaka jana limekwama kwenye makadirio."

Shangazi alimtazama kijana yule. Uso wake ukalainika.

"Masikini. Nenda kalete karatasi yako, mwanangu. Panga foleni."

Na Bwana Marashi akaenda. Mbio!

Mwalimu alikuwa ameegemea kaunta, mbavu zinamuuma. Mfukoni ana ufunguo wa gari lake. Kando yake Fundi Mkuu amesimama karibu kidogo kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyelalamika. Alikuwa anawaza kwamba kesho itakuwa siku nzuri, pale mlango wa juu ya ngazi ulipofunguliwa.

Wafanyakazi waliuona kwanza. Kicheko chao kilikatika kana kwamba mtu amezima redio. Mmoja akafunga vifungo. Mwingine akameza karanga nzima.

"Bwana Mkubwa," Fundi Mkuu alinong'ona. "Mwenye kampuni. Huwa hashuki."

Alikuwa anashuka. Mzee mwembamba mwenye mvi, suti ya kijivu, mkono kwenye ukuta wa ngazi. Hakuwa na haraka. Watu walimpisha njia, foleni ikapasuka katikati hadi mbele ya kile kiti. Mwalimu alijitosa mbele. Kama ni kuitiwa polisi, aanze na yeye.

"Bwana, kosa ni langu. Huyu ni shangazi yangu, alikuja kwa ajili ya…"

Mzee hakumsikia. Alikuwa ameinua uso, anamtazama aliye juu ya kiti. Akavua miwani. Akaifuta kwa pembe ya koti. Akaivaa tena.

"Nilikuwa nimelala ofisini," alisema. "Nikasikia sauti. Nikasema, hapana, ninaota."

Shangazi alikuwa ameganda, makadirio yako juu hewani.

"Mke wangu," alisema mzee. "Umerudi."

Mwalimu alimgeukia Shangazi. Ukoo mzima unajua kwamba Shangazi hakuwahi kuolewa. Yeye mwenyewe hulitangaza hilo kwenye kila shughuli, bila kuulizwa. Alingoja ngurumo. Alingoja yule mzee arushwe nje na sauti peke yake.

Ngurumo haikuja. Shangazi aliteremsha mkono polepole. Akaufungua mtandio kiunoni, akauweka kichwani, akautengeneza vizuri pembeni kama msichana.

"Sijarudi," alisema. "Nimefuata gari."